Sikio ya Kushoto ya Nkambo Joachim

Likasi, tarehe 11 Mei 2024

Dada yangu Estelle,

Nianze na jambo kubwa, ni kusema nianze na minye mwenyewe. Mungu aliponisimamisha kwenye darasa ya pili ya sekondari hakunionea. Alihurumia wengine. Angeniacha nifike chuo kikuu, leo maprofesa wote wa Katanga wangekuwa wanauza mikate kando ya barabara. Sasa niko kwado, fundi wa mipira ya magari, na kati ya makwado wote kutoka hapa mpaka Kamatanda hakuna mwenye kuziba mupira kama minye. Naweka sikio juu ya mupira, na mupira wenyewe unanionyesha fasi inaumia. Dereva mumoja wa lori alisema mipira yake ikiniona kwa mbali inajijaza pumzi yenyewe, kwa haya.

Naandika Kiswahili ya kanisa kwa sababu najua Masœur Philomène, mwalimu wenu ninyi wanovisi wenye kujifunza utawa, ndiye anafungua barua mbele ya weye. Jambo, Masœur. Simu ya dada yangu mulimunyang'anya langoni, basi mutavumilia mwandiko wangu. Lakini maneno ya watu wa nyumbani nitaiacha vile ilitoka mudomoni. Nikiisafisha haitakuwa tena yao.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nkambo Joachim analewa.

Ndiyo, yeye, babu yetu, mutu aliyeacha pombe mbele weye na minye tuzaliwe, kiongozi wa shirika yetu ya sala hapa mutaani. Jumapili moja alisimama kanisani kusoma somo. Akashika kisomeo, kisomeo ikamufuata, wakaanguka wote wawili juu ya waimbaji wa sauti ya pili. Juzi aliamuka kitandani akagonga mulango, akarudi akagonga kabati, kisha akaketi chini na kusema: "Nyumba inazunguka. Mushike nyumba." Nkambo Gertrude, muke wake, akamujibu: "Nyumba haina na kosa. Weye njo ulikunywa."

Kifua yake unaijua, ile kikohozi ya vumbi aliyotoka nayo mugodini, kwenye mashine ya kuponda mawe. Sasa kiangazi imeingia, baridi na vumbi pamoja, na kutoka nyumbani mpaka bombani anasimama mara tatu kutafuta pumzi. Majirani wanaangalia wanasema: ona, hata kupumua imemushinda, ile pombe ya lutuku imemumaliza.

Nkambo Gertrude amehamisha muto wake, analala na mujukuu wake Tina. Chakula ya mulume wake ni majani tu, na minye ananiwekea nyama. Unajua vile ananiita "bwana yangu" mbele ya watu wote, maana kwetu mujukuu mwanaume ni mulume wa nkambo yake. Basi nimeshinda ile ndoa bila kurusha ngumi. Mupinzani wangu Nkambo Joachim ananiangalia nikikula kuku na kusema: "Kula, mwizi. Mifupa itakushitaki." Tangu nijue kusema, minye naye hatujasemezana neno moja ya kweli. Ni utani asubuhi, utani jioni, na mwenye kukasirika amepoteza.

Lakini shida iko. Tarehe 29 Juni jamaa ya Willy wanaleta mahari ya Tina. Nani atakaa pale mbele kama mulume mwenye wivu, akatalie Tina, bibi yake wa utani, asichukuliwe, mpaka wakwe watoke jasho? Ni kazi ya Nkambo. Baba hawezi kutania wakwe vile, ni babu tu. Tina amesema, kama Nkambo hamukatalii, afadhali wakwe warudi na mbuzi yao. Na Papa Mukubwa Stanislas, ambaye ni baba ya Tina na mwana wa kwanza wa Nkambo, amesema: "Mulevi hatasemea jamaa yangu mbele ya bantu." Mwezi wa sita ukifika na Nkambo akiwa bado anayumba, neno ya mahari atanyang'anywa, na shirika nayo itatafuta kiongozi mwingine.

Sasa Papa Mukubwa amenipa kazi ya kumufuata Nkambo mpaka nijue fasi anaficha chupa. Alichagua vizuri. Mbele ya minye hata shetani anaacha kujificha, anaona ni bure.

Ndugu yako,
Pitshou, Bingwa wa Mipira na Mupelelezi wa Jamaa


Lubumbashi, tarehe 19 Mei 2024

Mdogo wangu Pitshou,

Barua yako ilifika salama kwa mkono wa Papa Isidore wa basi, ikiwa na alama ya kidole chenye grisi katikati ya jina langu. Masœur Philomène aliifungua, akasoma mistari michache, akaenda kucheka jikoni, kisha akarudi kwetu na uso wa Kwaresima.

Mimi sikucheka sana. Nkambo halewi, Pitshou. Yule mzee hata divai ya Misa huitazama kwa mashaka.

Hapa tuna Masœur Jaël, mzee wetu, mwenye ugonjwa wa mapafu tangu ujana wake. Mwaka jana alianza kuyumba akienda kupokea Komunyo. Sisi tulidhani ni usingizi, na wengine, Mungu atusamehe, tulimwiga. Kumbe ni sikio. Si hili la nje linalovaa hereni. Ni la ndani kabisa, ambalo hushikilia mwili usianguke. Daktari alisema mapafu mabaya na sikio la ndani mara nyingi huumwa pamoja.

Basi acha upelelezi, nijibu. Akigeuka kitandani, nyumba huzunguka zaidi? Anasikia sauti ambayo ninyi hamsikii? Anasikia sawasawa pande zote mbili? Na zaidi ya yote, ilianza lini? Daktari alituambia kwamba sikio likizimika ghafla kuna dawa, lakini dawa hiyo ni ya siku za kwanza. Baada ya hapo sikio huwa limeshaaga.

Usiponijibu hilo la mwisho, usiniandikie habari ya kuku.

Dada yako,
Estelle


Likasi, tarehe 26 Mei 2024

Dada Estelle,

Na Masœur Philomène, jambo tena. Nimesikia habari ya jikoni. Mutu akitaka kucheka asijifiche, minye sitozi.

Upelelezi umekwisha na mushindi ni minye. Nilimufuata Nkambo siku nzima. Alitembea kando ya kuta akigusa kila nyumba na mukono, mpaka mama mumoja akamuuliza kama amekuja kununua kiwanja. Alifika kwa muuza munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, akakunywa kikombe kimoja, na munkoyo ile hata watoto wa ubatizo wanapewa. Akarudi kwa kuta zilezile. Chupa hakuna.

Lakini mupelelezi wa kweli haamini macho tu. Aliposinzia kwenye kiti nilileta pua yangu mpaka kwenye mudomo wake. Nilikuta vitunguu, mafuta ya kupaka kifua, na jino moja ya zamani sana. Lutuku hakuna. Akafungua jicho akasema: "Ukitaka busu, uendelee kwa Gertrude."

Maulizo yako sasa. Akigeuka kitandani nyumba inageuka naye, ndiyo, na anashika ubao ya kitanda kama mutu wa mutumbwi. Sauti anasikia: anasema nyenje wameingia sikio ya kushoto na wanaimba bila kiongozi. Upande wa kuume anasikia vizuri kupita mwenye kudai deni. Upande wa kushoto nilijaribu mwenyewe. Nilimuomba dereva wa lori apige honi karibu naye. Kuku walikimbia, mutoto wa jirani akalia, Nkambo akaendelea kumenya muhogo.

Hapo nikaona ni ugonjwa wa kazi yangu. Mupira ukipoteza pumzi unafanya nini? Unatafuta tundu na maji. Nilichukua maji ya bidoni, dumu yangu ya kazi, nikaweka sabuni kidogo, Nkambo akalaza kichwa, nikamimina sikioni. Ilikuwa asubuhi, na maji ya mwezi wa tano hapa unaijua, inauma meno.

Estelle, sitaficha. Dunia ilimugeuka palepale. Alirukia kitu cha kwanza alichokiona, na kitu ile ilikuwa mbuzi ya jirani, na mbuzi naye alishituka. Wakaenda pamoja mpaka kwenye mashina ya mihogo. Nkambo akatapika. Mbuzi hakutapika lakini alifikiria. Nkambo Gertrude akatoka jikoni na mwiko, akanipiga mbele ya wateja wangu, na mulume hapigwi vile.

Nkambo anakusalimia. Anasema ulimuacha ukaenda kuolewa na Bwana Yesu, na kutoka upande ule hata mbuzi moja haijafika nyumbani.

Ile ulizo ya "ilianza lini" nitajibu siku nyingine. Karatasi imekwisha.

Pitshou, Dokta wa Mipira yote, ya gari na ya watu


Lubumbashi, tarehe 29 Mei 2024

Pitshou,

Karatasi haikwisha. Ulibakiza nusu ya ukurasa, nimeishika hapa mkononi.

Usimwage kitu tena ndani ya sikio la mtu. Maji baridi yakiingia sikioni, hata mtu mwenye afya huona dunia inazunguka; kwa Nkambo ulimwaga mafuta juu ya moto. Mpeleke hospitali. Usingoje mahari, wala ruhusa ya Papa Mukubwa. Ukimwachia hivi, atapoteza sikio na heshima siku moja, na hiyo ya pili ndiyo itamuua.

Na unijibu: tangu lini?

Estelle

Mimi ndimi yule Masœur Philomène unayemsalimia kila mara, Pitshou. Barua zako zinachangamsha nyumba hii kuliko inavyofaa. Lakini hakuna nyingine itakayomfikia dada yako mpaka ile yenye neno la daktari ndani yake. Kuhusu mbuzi, mwambie mzee kwamba Bwana Yesu hulipa, ila hafuati kalenda ya Likasi. — Ph.


Likasi, tarehe 9 Juni 2024

Dada Estelle, na Masœur mwenye amri,

Neno la daktari liko ndani. Mufungue mulango.

Tulienda na pikipiki, dereva mbele, Nkambo katikati, minye nyuma nimemukumbatia kama zawadi. Njiani alifumba macho na kusema: "Kama ninakufa, Gertrude asiolewe na weye." Nikamwambia arusi iko tayari, tunangojea yeye tu atupishe.

Dokta anaitwa Bertin, kijana mwenye kunyoa vizuri, hacheki. Alimubana Nkambo kidole kwa kachombo kenye taa, kakaandika namba, na ile namba ikamufanya akunje uso: pumzi mu damu ni kidogo. Akamupulizisha Nkambo ndani ya bomba. Minye naye nilipuliza, nikashinda wote, hata muuguzi, ingawa hakuna mutu aliniomba. Kisha akapiga chuma kidogo chenye kulia na kukiweka katikati ya paji ya uso. "Unasikia wapi?" Nkambo akaonyesha kuume. Akamulaza, akamugeuza kichwa, akaangalia macho yake vile yanaruka. Halafu akasema neno moja ambalo nitalipeleka mpaka kaburini: "Huyu mzee hajalewa."

Alinielezea, na minye nakuelezea vizuri kumupita. Ndani kabisa ya sikio kuna nyumba kama ya konokono, njo ya kusikia. Kando yake kuna mifereji midogo yenye maji, njo ya kusimama. Zote mbili zinalishwa na mushipa mumoja, mwembamba kama uzi, na hakuna jirani wa kuziazima. Mapafu ya Nkambo imejaa vumbi ya mawe, damu inatoka pale bila pumzi ya kutosha. Sasa mutu wa mwisho kwenye foleni ndiye analala njaa, na kwenye mwili wa Nkambo mutu yule ni sikio. Dokta hakuapa kwamba ni mapafu tu iliyofanya vile. Alisema ameona mara mingi, ugonjwa wa mapafu wa miaka na ugonjwa wa sikio ya ndani wanaingia nyumba moja.

Alitoa dawa ya kuvuta kwa mudomo, na akamufundisha kupumua kama mwenye kupoza uji. Mbabula, jiko ya makaa, itoke chumbani, hata kama baridi inaua. Nkambo Gertrude alisikia hiyo akafunika uso na kitambaa, kwa sababu ndiye alikuwa anaiingiza kila jioni ili mulume asisikie baridi, hata wakati hawasemezani. Na kwa kizunguzungu kuna mazoezi: anaangalia dole gumba yake huku akigeuza kichwa, anatembea juu ya mustari niliochora na chaki uani. Watoto wa jirani wanatembea nyuma yake kama shule.

Nyumbani nilisimama mbele ya Papa Mukubwa Stanislas, mukono mumoja mufukoni, karatasi ya dokta mu ule mwingine. "Papa, mupelelezi wako anatoa ripoti." Alisoma, akasoma tena. Kisha akavua kofia, akaenda kuketi chini kwenye mukeka wa baba yake, na tangu nizaliwe sijaona Papa Mukubwa akiketi chini. Akasema: "Papa, nilikuzania vibaya." Nkambo akamujibu: "Njoo upande huu, useme tena, huko haisikike." Sijui kama ni utani.

Muto wa Nkambo Gertrude umerudi fasi yake. Kuku naye amerudi kwa mulume wa kweli. Nimepoteza ndoa, minye nakula majani. Shirika wamekuja kuomba radhi na sukari kilo mbili. Neno ya mahari ni ya Nkambo.

Dokta aliuliza ilianza lini. Nkambo akasema: toka Pasaka. Dokta akaandika. Sikio yenyewe tutaona.

Pitshou


Likasi, tarehe 18 Juni 2024

Kwa bibi yangu Estelle aliyenitoroka,

Tina njo anaandika, minye nasema tu. Akiongeza neno yake hata moja, ile siku nitamukatalia Willy kabisa, azeekee hapa.

Niko muzima. Ninavuta ile dawa, iko na ladha ya chuma. Kichwa hakizunguki tena kama mbele, ni asubuhi tu kidogo, na nikikaa kitandani nangojea nyumba ifike, inafika. Bantu ba mutaa banapita banasema, "Mzee, utusamehe." Ninawasamehe pole pole, mumoja mumoja, ili nisimalize haraka.

Sikio ya kushoto haitarudi. Nasikia Pitshou hakukuandikia vile. Dokta alisema kwa upole, tangu Pasaka mpaka mwezi wa sita ni mbali, ingekuwa zile siku za kwanza wangejaribu. Usilie kule kwa Masœur. Hata nilipokuwa na mbili, maneno ya Gertrude nilikuwa nasikia na moja tu.

Dokta akaniuliza, "Mzee, ju ya nini haukuambia mutu?" Nikamujibu, ni kweli, sikuambia mutu. Ni ujinga ya wazee. Pitshou alikuwa pale, akaangalia viatu vyake.

Najifunza maneno ya kumukatalia Willy. Nimepata mengine mabaya sana, utapenda.

Nkambo wako,
Joachim

Dada, ni mimi Tina, naiba nafasi hapa chini wakati anakohoa. Anatembea uani bila kugusa ukuta. Yule Pitshou sijui ana nini. Nkambo anamchokoza, naye anaitikia "ndiyo, Nkambo" kama mtoto wa katekisimu. Nkambo amekasirika, anasema amepoteza sikio na mpinzani kwa pamoja.


Lubumbashi, tarehe 23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimepokea barua ya Nkambo. Nililia kidogo, kisha nikafika kwenye maneno juu ya Nkambo Gertrude nikacheka, na Masœur Philomène akanikuta katikati ya hayo mawili hajui anifariji kwa lipi.

Nimemkasirikia yule mzee. Wiki zote zile aliona upande mmoja umezima na hakumwambia mtu. Angekwambia wewe tu, unayelala chumba cha pili, ungekimbia naye hospitali hata kama ni mgongoni. Nakujua: mdomo wako ni mkubwa lakini miguu yako ni mepesi. Usijisumbue basi. Ulifanya mengi. Bila wewe angeitwa mlevi mpaka kaburini.

Barua yako ya mwisho ilikuwa na sahihi fupi, jina tu. Nilidhani wino umekwisha.

Niandikie ya mahari, yote, usiruke hata soksi za wakwe.

Estelle


Likasi, tarehe 1 Julai 2024

Dada Estelle,

Wakwe walikuja tarehe 29 saa nne, watu wengi kupita viti. Soksi za muzungumuzaji wao, mujomba wa Willy, zilikuwa moja ya bluu na moja nyeusi. Nkambo aliziona mbele ya kuona mbuzi.

Tulimuweka kwenye kiti ya mikono, katikati ya uani, sikio ya kuume kwa wakwe. Papa Mukubwa Stanislas alisimama nyuma yake, mukono juu ya kiti, na kila mara Nkambo alipoinama kidogo, ule mukono ulishuka kidogo. Mujomba akasema wamekuja kutafuta ua ambalo waliona katika bustani hii. Nkambo akavuta pumzi yake ya kupoza uji, watu wote wakangojea, naye akasema:

"Ua iko. Lakini ni bibi yangu. Usiku nikikohoa, yeye njo ananiletea maji. Huyu Willy wenu anajua kukohoa?"

Willy akakohoa. Nkambo akasema ni kikohozi ya mutu wa ofisi, hakitoshi. Wakaleta koti ya mulume mwenye kunyang'anywa. Akaivaa, akasema mikono ni mirefu, wanataka kumufunga. Wakaleta mbuzi. Mbuzi alikuwa amesafiri tangu asubuhi, aliposhushwa akayumba. Nkambo akamuangalia muda murefu.

"Hii mbuzi imekunywa. Nani anaisemea?"

Estelle, mutaa muzima ulikuwa ukutani. Wale waliomusema, wale wa sukari kilo mbili, wote. Papa Mukubwa Stanislas ndiye alianza kucheka, alicheka mpaka akashika kiti kwa mikono miwili. Kisha watu wote. Nkambo Gertrude alisema: "Mbuzi haina na kosa, iko mugonjwa wa sikio," na pale hata wakwe, ambao hawakujua habari, walicheka tu kwa kuona wengine.

Aliwatesa mpaka saa sita. Mwishoni akasimama. Papa Mukubwa akanyosha mukono, Nkambo akaukataa. Kutoka kiti mpaka kwa Willy ni uani wote, bila ukuta. Aliweka macho kwenye kravati shingoni mwa Willy kama kwenye dole gumba yake ya mazoezi, akamushika Tina mukono, akaenda. Alienda polepole, alisimama mara moja kutafuta pumzi. Akafika. Akaweka mukono wa Tina mu mukono wa Willy na kusema, "Ukimurudisha, urudishe na koti ingine." Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakahama.

Ilienda vizuri, ninaapa. Nitakuambia sasa ile haikuenda.

Mbele ya kuondoka, Tina alimukumbatia Nkambo. Alikuwa analia. Akamunong'oneza maneno marefu, na alikuwa upande wa kushoto. Alisahau, ni arusi yake, nani angekumbuka. Nkambo akatikisa kichwa, akachekelea, akamupigapiga mugongo, kama mutu mwenye kusikia yote. Gari ikaondoka. Alinitafuta kati ya watu, akanivuta shati, akaniuliza: "Alisema nini?"

Sikujua. Hakuna mwenye kujua, ni Tina tu.

Weye uliandika angenambia minye ningemukimbiza hospitali hata mugongoni. Nilisoma hiyo nikaenda kukaa kwenye mipira yangu, na dereva mumoja akaondoka bila kazi.

Estelle, alinambia. Wiki ya Pasaka, Jumatatu ile, asubuhi, nilikuwa naziba mupira na marafiki walikuwa pale. Alikuja polepole, akaketi juu ya rimu, akasema: "Mupinzani, sikio yangu ya kushoto imezimika. Nililala nayo, nimeamuka haiko." Nikamwambia, labda imechoka na Gertrude, imeenda kutafuta muke mwingine. Marafiki wakacheka. Yeye naye akacheka, maana kwetu mutu hakasirikie utani. Akangojea kidogo. Akasema tena, "Hapana, mwana, kweli." Aliniita mwana. Hajawahi kuniita vile, siku zote ni mupinzani, ni mwizi. Nilisikia lile neno, nilisikia vizuri, na nikaona anataka kunishinda kwa mbinu mupya. Basi nikaweka midomo karibu na ile sikio, nikafungua mudomo bila kutoa sauti, kama mwenye kusema, na watu wakaanguka kwa kicheko. Akainuka. Akagusa ukuta wa kwanza. Nilifikiri anaendeleza muchezo.

Hakunirudilia tena habari ile. Hospitali, dokta alipomuuliza kama aliambia mutu, alinikinga mbele ya macho yangu, na minye mwenye mudomo niliangalia viatu.

Sikio ile ilikuwa bado na siku zake za dawa. Aliniletea minye, wa kwanza, na minye nilicheka.

Pitshou